Hesabu siku, usihesabu vipele

Mzani wetu uko nje, kushoto kwa mlango, na kupima uzito ni shilingi 200. Mwezi Julai kuna kijana alipima mara nne ndani ya wiki moja. Mara ya nne hakuondoka. Aliingia, akamsubiri mama aliyekuwa ananunua Panadol amalize, kisha akaegemea kaunta na kunong'ona, "Dokta, samahani. Hivi mtu akikanyaga waya, anaanza kukonda baada ya muda gani?"

(Kukanyaga waya ni kuambukizwa VVU. Na mimi ni mfamasia, si daktari. Lakini hapa Dodoma anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa ni dokta tu, nimeshaacha kubishana.)

Nikamuuliza swali moja: "Ilikuwa lini?"

"Ijumaa. Siyo hii iliyopita, ile nyingine."

Nikaishusha kalenda ukutani tukahesabu pamoja, kidole kwa kidole. Siku 11. Kilo moja na nusu ilikuwa imepungua kweli, mzani haukudanganya. Ila kwa siku hizo 11 alikuwa anakula mlo mmoja, tena anauacha nusu, na usiku anakesha na simu akisoma dalili. Nani asingepungua?

Habari yake naieleza hapa kwa ruhusa yake, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha asitambulike. Sababu ya kuieleza ni kwamba swali lake tunalipata kila wiki hapa Majengo, ila linakuja na nguo tofauti. Mmoja anaonyesha ulimi. Mwingine anataka nimwangalie vipele vya shingoni. Mwingine anasema, "Nimepima malaria hakuna, taifodi hakuna, UTI hakuna, sasa kimebaki nini?" Kimebaki mafua, dada. Kimebaki uchovu, na hofu nayo imo.

Na mji wetu hausaidii. Juni mpaka Agosti upepo wa Dodoma unapasua midomo, koo linawasha, ngozi inapauka, na vumbi likishaingia puani unaamka na kamasi zenye rangi ya udongo. Aliyezoea joto la Dar akahamishiwa huku na ofisi yake hajawahi kuuona mwili wake hivi. Sasa kama wiki hiyo hiyo alilala na mtu kavu kavu, kila mpasuko wa mdomo kwake ni ushahidi.

Tuseme ukweli kuhusu dalili. Wengi wanaoambukizwa VVU hupata kitu kama mafua makali kati ya wiki ya 2 na ya 4: homa, koo kuuma, mitoki au tezi za shingo kuvimba, vipele, kichwa, misuli kuuma, wengine kuharisha au vidonda mdomoni. Baadaye hupotea vyenyewe, bila dawa. Wengine hawasikii chochote kabisa. Kwa hiyo ukiwa nazo hazithibitishi kitu, na usipokuwa nazo pia hazithibitishi kitu. Homa ya siku ya pili baada ya tendo haiwezi kuwa ya VVU, ni mapema mno. Kwa homa hiyo kapime malaria.

Kukonda, utando mweupe mdomoni usioisha, kuharisha mwezi mzima, hayo ni mambo ya mtu aliyekaa na virusi kwa miaka bila matibabu. Nadhani shida yetu ni picha. Sisi tuliokua miaka ya tisini tuliona wajomba na mashangazi wakiisha kitandani kabla ARV, dawa za kufubaza virusi, hazijafika, na picha ile haijatutoka. Ndiyo maana mtu wa siku 11 anakimbilia mzani.

Hofu yenyewe nayo ina dalili zake, na zinafanana na zile unazoziogopa: jasho la usiku, moyo kwenda mbio, tumbo kukoroga, kukosa hamu ya kula, mwili kufa ganzi. Tena mitoki, ukiibonyezabonyeza kila baada ya nusu saa, itauma tu. Kuna kaka alikuja shingo imekuwa nyekundu upande mmoja kwa kuibonyeza.

Kwa hiyo sisi hatuangalii ulimi. Tunauliza ilikuwa lini, na jibu linakuweka mahali.

Kama hazijapita saa 72, acha kusoma makala hii, nenda hospitali sasa hivi. Kuna dawa zinazoitwa PEP. Ni ARV zile zile, zinazozuia virusi visijikite mwilini, na unazimeza kwa siku 28 bila kuruka. Zinafanya kazi vizuri zaidi kadiri unavyowahi. Saa 72 ni mwisho wa mlango, siyo muda wa kujipa nafasi ya kufikiri. Tendo la Jumamosi saa 5 usiku, mlango unafungwa Jumanne saa 5 usiku. Sisi hatuuzi PEP, na duka lolote linalokuuzia vidonge viwili vya PEP kwenye kikaratasi likimbie. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, wenyeji wanaiita General, au kituo cha afya chenye CTC, yaani kliniki ya matibabu ya VVU; ikiwa ni usiku ingilia mapokezi ya dharura. Watakuuliza maswali, watakupima kwanza, kwa sababu aliye na VVU tayari hapewi PEP bali anaanzishiwa matibabu kamili. Aliyebakwa naye asisubiri kupambazuke. Hospitali kubwa zina vituo vya Mkono kwa Mkono, huduma zinapatikana pamoja.

Hapa kuna jambo linaloniumiza kila Jumapili asubuhi. Jumapili ndiyo siku tunayouza P2 kuliko siku zote. Wanakuja wadada, wanakuja na wanaume waliotumwa, wananunua, wanameza palepale kwa maji ya chupa, wanashusha pumzi. P2 inazuia mimba. VVU haivigusi hata kidogo. Lakini kwa sababu nayo inasemwa "ndani ya saa 72", watu wanaona wameshamaliza kazi. Mtu anaiogopa mimba itakayoonekana baada ya miezi minne, virusi anavikumbuka wiki tatu baadaye akishikwa na mafua, wakati PEP haina tena la kufanya. Siku hizi kila anayenunua P2 namuuliza taratibu kama anamjua vizuri mwenzake. Wengine hununa. Sawa tu.

Na Azuma? Hapana. Kuna wanaokuja kutaka "dawa ya kusafisha damu mapema". Azuma, Cipro, sindano ya Powercef, vyote hivyo ni vya bakteria. VVU ni kirusi.

Kama saa 72 zimeshapita, hesabu inabadilika. Sasa unasubiri kipimo kiweze kuona. Vipimo vya haraka, vya tone la damu au vya fizi, havitafuti kirusi chenyewe. Vinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza kupambana nacho, na askari hao huchukua muda kuonekana. Hicho ndicho kipindi cha dirisha. Wengi huonekana kabla, lakini jibu la kufungia jalada ni la miezi 3 tangu siku ya tendo. Mashine za maabara kubwa zinazotafuta askari pamoja na kipande cha kirusi hutoa jibu la uhakika siku ya 45. Aliyemeza PEP anahesabu kivyake, kliniki itampangia tarehe, asijipangie mwenyewe.

Kwenye hili sisi wenyewe tuliteleza. Tulipoanza kuweka vipimo vya kujipima, kijana mmoja alinunua, akaenda, akarudi kesho yake na soda mbili baridi za kutushukuru. Mstari mmoja! Yuko salama! Ndipo nikamuuliza ilikuwa lini. Siku ya 9. Soda ilinishinda kunywa. Ilibidi nimweleze kwamba kipimo kile kilikuwa kimemjibu kuhusu maisha yake ya miezi mitatu nyuma, siyo kuhusu wiki iliyopita. Uso ulimbadilika. Kosa halikuwa lake, tulimuuzia bila kuuliza. Tangu siku hiyo kalenda na kalamu viko kaunta, na kipimo hakitoki kabla ya hesabu.

Kujipima kwenyewe si kazi. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2019, kujipima kukaruhusiwa (na umri wa kuridhia kupimwa bila mzazi ukashuka kutoka 18 hadi 15). Kipimo cha mdomo tunachouza kinakuja na kijiti bapa na kichupa cha maji. Usile wala kunywa dakika 15 kabla, na kama umepiga mswaki au umesukutua dawa subiri nusu saa. Pitisha kijiti mara moja kwenye fizi za juu, mara moja za chini, usisugue kama mswaki. Kitumbukize kwenye kichupa, kiache kimesimama, tazama saa. Baada ya dakika 20 soma, na usisome zikishapita 40. Mstari mmoja kwenye herufi C, hakuna kilichoonekana. Mistari miwili, hata ule wa T uwe mwembamba kama unywele wa mtoto, hesabu ni miwili. C isipotokea, kipimo kimeharibika, leta tutakubadilishia.

Wengi hushtuka: kumbe VVU viko kwenye mate? Haviambukizi kwa mate. Kijiti kinachukua majimaji ya fizi yenye wale askari tu. Na aliye kwenye ARV tayari asikitumie kujihakikishia kwamba "amepona", kinaweza kumdanganya.

Mistari miwili bado si jibu la mwisho. Unatakiwa uende kituo cha afya wakupime upya kwa vipimo vingine kabla ya mtu yeyote kukwambia una VVU. Kituo cha Makole si mbali na hapa, na ukitaka nakusindikiza, nimeshafanya hivyo. Dawa vituo vya Serikali ni bure. Anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye damu hamwambukizi mwenza wake kwa ngono, na anazeeka kama wengine. Naona wateja wangu wa namna hiyo wakija kununua dawa za presha na za wajukuu.

Sasa kuna sehemu ngumu kuliko kipimo. Mwaka juzi alikuja mtumishi mmoja, hawa waliofuata ofisi huku baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, familia ikabaki pwani. Yeye hakuwa na homa wala kipele. Aliniuliza, "Mke wangu anashuka na treni Ijumaa. Nafanyaje?" Siku ya 19. Nilimweleza jambo ambalo wengi hawalijui: kama mtu ameambukizwa, wiki hizi za mwanzo ndizo virusi vinakuwa vingi mno kwenye damu, ndizo rahisi kuambukiza mwingine, na ndizo hizo hizo kipimo cha haraka hakioni kitu. Kwa hiyo kondomu, au kutolala pamoja, mpaka dirisha lifungwe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, nitamwambia kondomu ya nini, baada ya miaka 12?" Sikuwa na jibu la haraka, na sitajifanya ninalo. Nilimpa namba ya mshauri nasaha wa kliniki, ambaye kazi yake ni kukaa na wenza kwenye mazungumzo ya namna hiyo. Kondomu alichukua.

Usisahau pia kwamba VVU si peke yake barabarani. Kukojoa kwa maumivu au usaha siku chache baada ya tendo kunaelekea zaidi kwenye kisonono. Kidonda kisichouma kikitokea sehemu za siri, kwa kawaida kama wiki ya tatu, kinaweza kuwa kaswende, nacho kinapona chenyewe huku ugonjwa ukibaki. Vyote viwili vinatibika kabisa, ila kwa kipimo na dawa sahihi, siyo kwa kubahatisha hapa kaunta. Ajabu ni kwamba mtu anapima VVU mara tano, kaswende hajaipima hata mara moja.

Nimesema mara tano, na sitanii. Kuna walio na jibu la miezi 3, la miezi 4, la miezi 6, yote safi, na bado wanarudi kununua. Hao siwauzii tena. Nawaambia damu yako imeshajibu, kinachokusumbua kinakaa kwingine, labda ni ile siku yenyewe hujajisamehe. Kuongea na mshauri kutakufaa kuliko kijiti changu, ingawa kijiti ndicho kinachonilipa.

Yule kijana wa mzani alirudi Oktoba, siku ya 92 kwa hesabu yetu. Alijipimia chumba cha nyuma, mlango umefungwa, mimi nikiwa nje natazama saa. Jibu lilikuwa lake na sitaliandika hapa. Siku hizi anapita na bodaboda yake, anapiga honi, hapandi mzani.

Tunafungua saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku, Jumapili tunaanza saa 4 asubuhi. Ushauri hatutozi, unalipia kipimo tu. Chumba cha nyuma kina kiti kimoja, pazia na saa ya ukutani. Ukikuta foleni na unaona aibu kusema, sema tu "nimekuja kuangalia kalenda", msichana wetu atakupitisha. Mwezi uliopita mama mmoja alisema hivyo, tukampitisha, tukafunga mlango, nikaanza kwa sauti ya chini kabisa kumuuliza ilikuwa lini. Kumbe alikuwa anataka kalenda. Tulimpa.