Bendera Isikunjwe

Ndugu yangu Idi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikikuna kichwa. Kumbe na wewe wamekutwika mzigo huo! Ukuu wa usalama kwenye autokrosi, yale mashindano ya gari kushindana na saa kwenye njia iliyopangwa kwa koni, ni kazi ya ajabu. Siku ikienda vizuri hakuna anayekumbuka kama ulikuwepo, ikienda kombo jina lako ndilo la kwanza kutajwa. Hongera, na pole.

Umeniuliza ufanyeje na yule dereva aliyegoma kuondoka kwenye mstari wa kuanzia mpaka afutiwe adhabu ya koni moja aliyodaiwa kuigonga. Nitafika huko. Kwanza nikupe kisa ambacho sijawahi kukusimulia, maana kinanitia aibu hadi leo.

Ulikuwa msimu wangu wa pili. Nilipangiwa kituo cha katikati ya njia pamoja na kijana mmoja mgeni. Mimi nilishika bendera na redio koli, yeye kazi yake kukimbilia koni. Gari lililopita liliangusha koni 2 kwenye slalomu, ule mstari wa koni ambao gari huupita likijipinda, na moja ikaburutwa chini ya bampa hadi ikatemwa mbali na mahali pake. Kijana akaifuata. Mwanzishaji hakuwa na habari, akaruhusu gari lililofuata. Nikalisikia linapanda gia. Nikamwona kijana ameinama, ameligeuzia mgongo, anatafuta alama ya chaki. Na bendera yangu, Idi, ilikuwa imeviringishwa kwenye mpini wake, nimeibana kwapani kama mwavuli.

Kuchelewa kuikunjua ni kosa, lakini aibu yangu iko kwingine. Nilisita. Kichwani nilikuwa napiga hesabu: anayekuja ndiye anayeongoza daraja lake, yaani kundi la magari ya aina yake, raundi yenyewe ni ya mwisho, nikimsimamisha itabidi apewe marudio, yaani raundi nyingine badala ya ile, na siku ile asubuhi tayari watu walikuwa wameshagombana kuhusu marudio mpaka mkuu wetu akatangaza kwa hasira kwamba hatatoa mengine ovyo. Hayo yote nimeyawaza gari likiwa njiani. Dereva mwenyewe ndiye aliyemwona kijana akakanyaga breki, matairi yakapiga kelele, gari likasimama kama urefu wa magari mawili kutoka alipoinama. Kijana akageuka na koni mkononi, akatuangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Basi ukiniuliza leo marudio ni nini, nitakwambia ni kifaa cha usalama kama mtungi wa kuzimia moto. Mwenye bendera akijua kwamba dereva aliyesimamishwa atarudia raundi yake bila maneno, mkono utapanda wenyewe. Akijua kwamba kuna kesi inamsubiri, atapiga hesabu kama nilivyopiga mimi. Kwa hiyo kwenye mkutano wa madereva wa asubuhi, litangaze hilo mapema na kwa sauti: kila anayeoneshwa bendera nyekundu anasimama hapo hapo, kwa breki za kawaida bila kuserereka, anasubiri maelekezo, na marudio yake yapo. Asiyesimama, raundi hiyo haihesabiwi, na umwambie kwa nini mbele ya wenzake.

Ila usiwe mtu wa kugawa marudio kama pipi. Kipimo changu ni chepesi: kosa ni la nani? Mashine ya muda ikikosa kushika, kosa ni letu, arudie. Koni imelala njiani kabla hajafika, kosa ni letu. Gari la mbele limezunguka na kumzibia, arudie. Lakini injini ikizima, au akisahau njia katikati ya lango la tatu na la nne (lango ni jozi ya koni za kupita katikati yake), hilo ni lake. Na aliyekwisha kukosa lango kabla ya bendera kupandishwa asijifiche nyuma ya bendera. Kosa lake la kukosa lango linabaki palepale. Hapa ndipo watu watakapokujaribu sana, nakuhakikishia. Kinyume chake, koni alizogonga kwenye raundi iliyofutwa hazimfuati kwenye marudio. Anaanza upya, na akigonga tena ni hesabu mpya.

Kuhusu koni iliyosogezwa na aliyemtangulia, wafundishe madereva desturi ya zamani: ukiiona, simama mara moja, ionyeshe kwa kidole, subiri mhudumu wa kituo aikubali, kisha utoke taratibu. Ukiipita na kumaliza raundi, umeikubali njia jinsi ilivyo. Wengi wataona ni ukatili. Mimi naona ni haki, la sivyo kila mwenye muda mbaya atakumbuka koni fulani akiwa ameshavua helmeti.

Jambo dogo hapo: anayerudia usimrushe njiani papo hapo akiwa bado anahema. Sisi tunampa angalau dakika 5. Matairi yanapoa kidogo, na yeye pia.

Sasa tuje kwa mgomaji wako. Unasema mhudumu aliita koni moja, dereva akadai koni ilikuwa imesimama. Swali la kwanza ulilopaswa kuuliza si nani anasema kweli. Ni je, koni ilikuwa ndani ya kisanduku chake cha chaki? Katika kanuni za Solo, ndiyo autokrosi, za chama cha magari ya michezo cha SCCA kule Marekani, ambazo vilabu vingi huazima, koni iliyoanguka ni adhabu ya sekunde 2, na iliyosimama lakini imetoka yote nje ya alama yake ni sekunde 2 vilevile. Ikiwa imesimama na sehemu yoyote ya kitako chake bado inagusa mstari, hakuna adhabu hata kama imesogea shubiri nzima. Ndiyo maana tunaichorea kila koni kisanduku kwa chaki. Na ndiyo maana mhudumu anatakiwa kufika kwenye koni, ainame, aangalie kitako na mstari, kabla ya kubonyeza redio. Ukiita ukiwa umesimama mbali unabahatisha. Mstari ukifutwa na matairi ya magari 30 yaliyopita, hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, kwa hiyo kila kundi likimaliza, tuma mtu mmoja na chaki azungukie njia nzima. Kazi ya dakika kumi inakuokolea saa moja ya kubishana.

Sekunde 2 nazo si mchezo. Kwenye daraja lenye ushindani watu wanatofautiana kwa sehemu ya sekunde, kwa hiyo koni moja inamtoa mtu wa kwanza mpaka nafasi ya sita. Usishangae mtu mzima akigoma.

Alichokiona mhudumu kwa macho yake kuhusu koni, mimi sikibadilishi. Si kwamba wahudumu hawakosei. Ila nikianza kuangalia video za simu na za kamera za dashibodi, tutakuwa uwanjani mpaka usiku, na bado picha ya ndani ya gari haioneshi kitako cha koni kilichobaki nyuma. Shaka ikiwepo, inakwenda kwa dereva: mhudumu akisema "nadhani iligongwa", hiyo haipo. Akisema "imelala, nimeisimamisha mimi", hiyo ipo, yamekwisha.

Lakini kuna kosa moja ambalo nalichunguza kila mara, na nakuomba ulichunguze kabla hujamwadhibu mgomaji wako zaidi: koni ni ya kweli ila gari siyo lenyewe. Mkiwa na magari mawili njiani kwa pamoja, kituo cha 2 kinaita koni, mtunza muda anaiandika kwa gari lililotoka kumaliza, kumbe ni ya lile linalokuja. Katika uzoefu wangu makosa mengi ya koni ni ya namna hiyo, macho hayakukosea hata kidogo. Dawa yake ni mpangilio wa maneno. Namba kwanza, rangi ya gari, kisha koni: "Gari 47, bluu, koni 1, kituo cha 2." Mtunza muda anarudia maneno yaleyale, na mhudumu anaitikia "sawa". Asiporudiwa, aite tena. Na kwenye ukaguzi wa asubuhi, kataa namba zilizobandikwa kwa utepe wa rangi ileile ya gari. Mwenye gari jeupe akibandika namba nyeupe atakwambia ni mtindo. Mwambie mtindo wake utampatia koni za mwenzake.

Kitu kingine cha autokrosi kinachonichekesha: waamuzi ni washindani wenyewe. Nusu wanaendesha, nusu wanahudumu, kisha wanabadilishana. Anayekuitia koni saa 4 utamwitia wewe saa 6. Nimewahi kumsikia mtu akinong'ona, "Ngoja zamu yangu ifike." Hapo mkuu inakubidi uwe na masikio. Usimweke mhudumu kituo ambacho ndugu yake au mpinzani wake wa daraja anapita, kama unaweza kukwepa. Ukishindwa, waweke wawili.

Wawili ndiyo idadi ya chini kwa kila kituo hata hivyo. Mmoja anabaki na bendera, redio na mtungi wa moto, macho yake hayatoki kwenye gari linalokuja. Mwingine anakimbilia koni, na harudi nyuma kuifuata mpaka mwenye bendera amwambie njia iko wazi. Hakuna kukaa kwenye kiti wala kupiga picha kwa simu, na asiligeuzie gari mgongo hata kama liko mbali. Bendera inashikwa mkononi ikiwa imekunjuliwa muda wote. Nimesema muda wote. Siku hizi nikipita vituoni nikakuta bendera imeviringishwa naikunjua mwenyewe bila kusema neno, na wanaonijua wanajua kwa nini.

Na kila kituo kione kituo cha jirani yake. Ukichora njia, simama pale mhudumu atakaposimama, uangalie. Mara nyingi mchoraji anapendezwa na kona yake mpaka anasahau kwamba nyuma ya lile lori lililoegeshwa hakuna anayeona lolote.

Njia yenyewe, Idi, ndiyo inayokulinda kuliko bendera zote. Usiache mnyoofu mrefu unaowafanya wenye magari makali wafikie mwendo wa ajabu. Kanuni za Solo zinataka magari ya kawaida yenye kasi zaidi yasizidi maili 60 na kidogo kwa saa, karibu kilomita 100. Ukiona mnyoofu unavuta, weka slalomu au kona ya kurudi. Nguzo za taa, ukingo wa saruji, uzio, vyote viwe mbali na ukingo wa njia si chini ya futi 25, yaani mita 7 na nusu hivi, na kwenye upande wa nje wa kona mimi naongeza mara mbili. Mara nyingi gari halitokezi upande wa ndani wa kona, linatokeza nje, pale ambapo dereva alifikiri bado ana breki.

Mwisho wa njia uwe mpole. Hili ndilo kosa la wachoraji wapya: wanataka mtu amalize kwa kishindo. Mtu akivuka mstari wa kumalizia bado ana hamu ya kuangalia ubao wa muda, si breki. Mpe nafasi ndefu ya kupunguza mwendo, kona kabla ya mstari, na foleni ya wanaosubiri isikae mbele ya pua yake hata siku moja.

Ukaguzi wa magari naamini unaujua kuliko mimi. Nati za magurudumu, betri isiyochezacheza, waya wa mafuta unaorudi wenyewe ukiachia kanyagio, na chupa za maji zinazoviringika chini ya kiti. Hizo chupa ndizo ninazozikuta kila mara.

Mgomaji wako mtafute kabla ya mashindano yajayo, mkae pembeni, umuulize rangi ya gari lililokuwa njiani pamoja naye siku ile. Kama ilifanana na lake, ana kesi, na hata kama matokeo hayabadiliki mwambie hivyo. Kama haikufanana, mpe zamu ya kuhudumu kituo kilekile cha slalomu. Mkabidhi chaki.

Nitafika siku moja kabla, jioni, tuitembee njia pamoja ikiwa bado haina magari. Usinipe kituo kizuri. Niweke pale katikati, na mgeni mmoja wa kukimbilia koni.

Wako,
Rashidi

N.B. Bendera mlizonazo ni ndogo, nimeziona kwenye picha ulizonitumia. Nashona nne kubwa zaidi wiki hii.