Futi 45 si teksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Miaka mingi nimelisoma gazeti hili kimya kimya, nikimeza makosa madogo kama mtu anayemeza miiba ya samaki, lakini ile makala yenu ya magari-nyumba makubwa ya Marekani imenikwama kooni. Mwandishi wenu alisema kwamba leseni ya gari dogo inatosha kuendesha gari-nyumba la ukubwa wowote, mradi hufanyi biashara. Kisha akaongeza, kana kwamba hakuridhika: "Ukiiweza teksi, na hili utaliweza."

Kwa Florida, hilo la leseni ni kweli. Kwa New York si kweli. Kwa Texas na Pennsylvania si kweli. Kwa California ni kweli mpaka futi ya 40, halafu linakoma. La teksi si kweli popote.

Chanzo cha kosa nakijua. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 iliyoleta leseni ya udereva wa kibiashara inamhusu anayeendesha kibiashara gari la pauni 26,001 au zaidi, yaani karibu tani 11.8. Anayesafiri na familia yake kwa starehe hamo. Mwandishi wenu aliona hapo, akafunga daftari akaenda kula. Lakini kutodaiwa leseni ya kibiashara hakuna maana kwamba ya gari dogo inatosha. Katikati kuna madaraja mengine, A na B yasiyo ya kibiashara, na kila jimbo linayapanga linavyotaka.

Texas wanataka daraja B kwa gari moja lenye uzito wa kuanzia pauni 26,001, na daraja A ukivuta tela la zaidi ya pauni 10,000 huku jumla ikivuka mpaka huo huo. Pennsylvania nao ni daraja B lisilo la kibiashara ukipita pauni 26,000. New York wana utaratibu wao: kwa gari linalopita pauni 26,000 leseni ya kawaida huongezwa alama ya R, na huipati mpaka ufanye mtihani wa barabarani ukiwa ndani ya gari-nyumba lenyewe. California wao hawajali mizani, wanashika futi kamba. Zaidi ya futi 40 hadi 45 unatakiwa uwe na daraja B lisilo la kibiashara, na fomu ya afya juu yake. Futi 40 kamili, leseni ya gari dogo yatosha. Kwa hiyo mtu wa California anaweza kuondoka na gari la futi 39 lenye tani 15 bila kuulizwa neno, na jirani yake mwenye gari jepesi zaidi la futi 41 akaambiwa apange foleni ya mtihani. Mtu akicheka simlaumu, ila acheke akijua sheria inasemaje. Na kwa kawaida kinachotazamwa ni sheria ya jimbo lililotoa leseni yako, si ya kila jimbo unalopita, jambo ambalo makala yenu haikuligusa hata kwa mstari mmoja.

Halafu ule uzito aliouandika. Alichukua uzito mtupu kutoka tangazo la muuzaji. Uzito mtupu haumsaidii mtu kitu kwenye suala la leseni. Namba inayotakiwa iko kwenye kibandiko cha kiwanda, mara nyingi karibu na kiti cha dereva, nayo ni uzito wa juu kabisa ambao gari limejengwa kuubeba: bodi, mafuta, maji, watu, vyombo, mpaka sufuria. Kuna pia namba nyingine, uzito wa juu wa gari pamoja na kinachovutwa, na hiyo si ile ya kwanza. Ukichanganya hizo mbili unaweza kujikuta una leseni sahihi ya gari usilonalo. Yapo magari-nyumba mengi ya petroli yaliyojengwa juu ya chesi ya Ford F-53 yenye kibandiko cha pauni 26,000 kamili, pauni moja tu chini ya mpaka. Sidhani kama ni bahati. Mwenye gari hilo akijaza tangi la maji la galoni 100 ameongeza pauni 830, kabla hajapakia hata godoro. New York wanatazama kibandiko, kwa hiyo gari lililofurika mizigo likapita pauni 26,000 haliombwi R, na jirani yake aliyebeba nusu ya uwezo kwenye gari lenye kibandiko cha 27,000 anaombwa.

Lakini karatasi ni karatasi. Kilichonichemsha ni hilo la teksi, na hapa mnivumilie. Kuna kisa cha dereva mmoja mstaafu, leseni safi, miaka 40 barabarani bila faini, amekodi gari la futi 40 lenye injini nyuma. Amejaza mafuta, pampu iko kushoto kwake. Anataka kutoka kulia. Anawasha gari, anakata usukani wote kulia, anatazama kioo cha kulia kwa makini kama alivyofundishwa, na upande wa kulia kweli hakuna kitu. Mkia wake unatoka kushoto na kuing'ang'ania nguzo ya chuma inayolinda pampu. Faiba ya ubavuni ikapasuka kutoka kona ya nyuma hadi mlango wa buti. Alishuka akilalamika kwamba alikuwa anatazama kioo. Alikuwa anatazama, ila kile kisichohusika. Gari refu linazunguka juu ya ekseli ya nyuma, na kilichobaki nyuma ya ekseli hiyo huenda upande ulio kinyume na kona. Hesabu ya haraka ya wakufunzi ni futi moja ya kupepea kwa kila futi tatu za mkia. Mkia wa futi 12 hupepea karibu futi nne. Ndani ya teksi mkia hauhesabiki, ndiyo maana mtu anaweza kuendesha miaka 40 bila kujua kwamba upo. Alichotakiwa kufanya ni kunyoosha gari mbele mpaka mkia wenyewe uipite nguzo, au kukata usukani kidogo kidogo macho yakiwa kwenye kioo cha kushoto. Na kwenye makutano ni kinyume cha mazoea yake yote: magari haya yenye uso bapa tairi za mbele ziko nyuma ya kiti cha dereva, kwa hiyo lazima aingie ndani ya makutano mpaka ajione amepitiliza, ndipo akate. Akikata pale anapokata kwenye gari dogo, tairi za nyuma zinapanda ukingo na kufagia kibao cha barabara. Hayo hayamo kwenye mtihani wa leseni ya gari dogo wa jimbo lolote, na Florida humpa mtu ruhusa ya kuliendesha gari hilo kwa mtihani huo huo.

Na breki. Mengi ya magari hayo yenye injini ya dizeli nyuma yanatumia breki za upepo, na majimbo mengi hayamdai mwenye gari-nyumba binafsi mtihani wowote juu yake. Ontario, Kanada, gari lolote lenye breki za upepo linadai alama ya Z kwenye leseni, na huko sina la kulalamika. Dereva wa lori anafundishwa ukaguzi huu kabla hajagusa barabara: weka vigingi kwenye tairi. Washa injini, tazama sindano ya kipimo cha upepo ipande kutoka pauni 85 hadi 100 kwa inchi ya mraba ndani ya sekunde 45. Subiri kompresa, yaani pampu ya upepo, ikate. Zima injini, rudisha ufunguo kwenye umeme, achia breki ya kuegesha, hesabu dakika moja: upepo usishuke zaidi ya pauni 2 kwa inchi ya mraba. Kanyaga pedali ushikilie dakika nyingine: usishuke zaidi ya 3. Kisha pampu pedali. Kengele na taa ya onyo viwake kabla sindano haijashuka chini ya 60. Endelea kupampu, na mahali fulani kati ya 45 na 20 kitufe cha breki ya kuegesha kitaruka chenyewe. Hicho kitufe ndicho kinachowatia watu wazimu. Kikiruka barabarani wanakisukuma ndani kwa nguvu na kukishikilia kwa kidole, wakidhani gari limeharibika. Gari halijaharibika, linakulinda: upepo umeisha na springi zimefunga breki. Mtelemkoni nako anayekanyaga na kuachia bila mpango anamaliza upepo na kuchemsha breki kwa pamoja. Kinachotakiwa ni gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, kanyaga mpaka mwendo upungue maili tano, achia, upande tena, kanyaga tena. Na breki za upepo hazishiki papo hapo. Kwa maili 55 kwa saa, ule muda upepo unaosafiri kwenye mabomba unakugharimu kama futi 32 zaidi kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Hizo futi 32 teksi haizijui.

Nikiwa hapo hapo, naomba pia mwache kuwashauri wasomaji "wafuate ramani ya simu". Ramani ya simu inadhani uko kwenye gari dogo. Haijui urefu wako kwenda juu, na magari haya na viyoyozi vyake juu ya paa hufika futi 12 na nusu, mengine 13. Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na nafasi ya futi 11 na inchi 8 na likachuna mapaa ya malori kwa miaka mingi, mbele ya kamera. Mwaka 2019 wakalipandisha hadi futi 12 na inchi 4, na bado yapo magari-nyumba ambayo hayapiti hapo. Pimeni gari lenu kutoka ardhini mpaka kiyoyozi, muongeze inchi chache, muiandike hiyo namba kwa kalamu nzito mbele ya dereva. Haigharimu kitu.

Uingereza mliitaja kwa nusu sentensi, nanyi mkaikosea vilevile. Aliyefaulu mtihani wa gari dogo kuanzia tarehe 1 Januari 1997 anaishia kilo 3,500, isipokuwa kwa magari yasiyotoa moshi kabisa, kama ya umeme, ambayo yana nafuu yake. Kuanzia hapo hadi kilo 7,500 ni leseni ya daraja C1, na zaidi ya hapo ni C kamili. Waliofaulu kabla ya tarehe hiyo C1 wanayo tayari, mpaka wafikie miaka 70, halafu wanaombwa wathibitishe afya zao. Haikuwa kazi ngumu kuiandika.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Mpelekeni mwandishi wenu kwenye uwanja mtupu asubuhi na mapema, pamoja na gari la futi 45 na koni sita za plastiki. Tatu azipange futi mbili kutoka ubavu wa kushoto, nyuma ya ekseli ya nyuma. Tatu azipange mahali anapodhani kona ya kulia inaanzia. Apewe leseni yake ya teksi mkononi, akate kulia. Masahihisho yaandikwe na koni zitakazobaki zimesimama.

Wasalaam,
Mkufunzi wa madereva wa magari makubwa