Malalamiko Kuhusu Kompyuta Ambazo Firefox Yake Hufunguka Nje ya Mtandao

Kabwe, Mbeya
Juni 2010

Meneja,
Duka la Kompyuta,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA MODEMU NISIYOIHITAJI KWA TATIZO LA FIREFOX

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwanzoni mwa mwaka huu mliniuzia kompyuta zilizotumika, zikiwa na Ubuntu 8.04, ambayo ni aina ya mfumo wa Linux, na Firefox 3, programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Ziko kwenye steshenari yangu hapa Kabwe, na moja yenye modemu ya USB ndiyo ya wateja wa intaneti: wanafunzi wanaotafuta matokeo ya mitihani, wazazi wenye watoto wa kuombea vyuo. Modemu hiyo aliiunganisha fundi wenu mwenyewe kwa wvdial, programu ya kuamuru modemu ipige simu kuingia kwenye intaneti.

Tangu siku hiyo, kila Firefox ilipofunguliwa ilijiweka nje ya mtandao. Ukienda menyu ya Faili ukaondoa tiki ya kufanya kazi nje ya mtandao, kurasa zilifunguka vizuri. Ukiifunga na kuifungua tena, tiki ilikuwa imerudi. Mimi naweza kuitoa. Mzazi aliyetoka Chunya na nauli yake, hajawahi kushika kompyuta, ataijuaje? Wengi wameinuka wakadai hela yao, nami nimewarudishia.

Nilipoleta malalamiko, fundi alisema modemu imekufa. Nikanunua nyingine kwenu kwa shilingi 60,000. Hali ikawa ileile. Safari hii akasema Linux haifai kwa biashara, nilipie kuwekewa Windows. Wakati wote huo ping, amri ya kupima kama kompyuta inafika kwenye mtandao, ilikuwa inajibu, yaani mtandao ulikuwepo na modemu zote mbili ni nzima. Kipimo hicho hakimalizi hata dakika moja na hakuna aliyekifanya. Hili ndilo linaloniuma kuliko tatizo lenyewe.

Kijana anayesoma Taasisi ya Sayansi na Teknolojia hapa Mbeya ndiye aliyenionyesha chanzo. Firefox 3 ikianza haijaribu mtandao moja kwa moja. Inaiuliza programu nyingine, NetworkManager, kama kuna muunganisho. NetworkManager inajua tu miunganisho inayoisimamia yenyewe. Modemu ikipigwa kwa wvdial inapita pembeni yake, kwa hiyo inajibu kwamba hakuna kitu, na Firefox inaamini. Hata kadi ya mtandao iliyoandikwa kwa mkono kwenye faili la mipangilio la /etc/network/interfaces inaweza kuleta shida hiyohiyo, maana NetworkManager huiacha bila kuisimamia. Basi mlioniunganishia kwa njia hiyo mlipaswa kujua matokeo yake.

Dawa yake haina gharama. Unaandika about:config kwenye sehemu ya anwani ya Firefox ili kufungua mipangilio yake ya ndani, unakubali onyo, unatafuta toolkit.networkmanager.disable na kuigeuza kuwa true, yaani ndiyo. Isipokuwepo, unaiongeza mwenyewe kama thamani ya ndiyo au hapana. Ukifunga Firefox na kuifungua tena, haiiulizi tena NetworkManager. Kwangu imekubali na haijarudia. Kumbukeni tu kwamba badiliko hilo linakaa kwa mtumiaji mmoja. Kompyuta yenye watumiaji kadhaa inabidi lifanywe kwa kila mmoja wao.

Naomba mnirudishie shilingi 60,000 za modemu ya pili, ambayo naileta pamoja na boksi lake, na ada ya ufundi niliyotozwa kwa matengenezo ambayo hayakutengeneza chochote. Nakala za risiti nimeziambatanisha.

Ombi la pili si la fedha. Najua kompyuta kama hizi mmeziuza hadi Tukuyu na Mbozi, na huko kijana wa chuo hapatikani kirahisi. Wapigieni simu wateja hao, mwambieni fundi awaelekeze hatua hizo, na kila kompyuta mpya itoke dukani ikiwa imeshabadilishwa. Kama yupo aliyeuziwa modemu au Windows kwa sababu hii, naye arudishiwe hela yake.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Yasipopatikana, nitalifikisha suala hili kwa Afisa Biashara.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja wenu,
Steshenari ya Kabwe