Mirabaha ya wakongwe wa hip-hop ilipotelea kwenye mkataba

Mhariri,

Kurasa za burudani zikigusa historia ya hip-hop, suala la fedha hupitiwa juu juu: wasanii wa mwanzo walidhulumiwa, basi. Wengine huongeza kwamba walikuwa vijana wa mitaani wasioweza kusoma mkataba, au kwamba wazungu waliwaingiza mjini kama ilivyo ada yao. Msomaji anabaki hajui fedha zile zilipita wapi. Na kwa kuwa vijana wetu leo wanasaini karatasi zenye vipengele vilevile, naomba nafasi nieleze.

Nianze na hilo la wazungu. Sugar Hill Records ya Englewood, New Jersey, kampuni iliyotoa wimbo wa kwanza wa rap kutamba kibiashara, ilikuwa ya Sylvia Robinson na mumewe Joe, wote Wamarekani weusi. Sylvia alikuwa mwanamuziki tangu miaka ya 1950, na mwaka 1973 alivuma kwa wimbo wake "Pillow Talk". Aliijua biashara ile kwa kuanzia upande wa msanii. Nyuma yao alikuwepo Morris Levy wa Roulette Records, aliyeingiza mtaji. Huyo mwaka 1988 alitiwa hatiani kwa kula njama ya kujipatia fedha kwa vitisho. Kwa hiyo rangi ya ngozi haielezi jambo hili hata nusu. Tuangalie karatasi.

Santuri moja huzalisha mafungu mawili ya fedha, na asiyeyatenganisha ataliwa hata akiwa profesa. Fungu la kwanza ni la utunzi: nani aliandika maneno na muziki. Fungu la pili ni la kurekodi: sauti iliyomo kwenye masta, yaani rekodi asilia ambayo nakala zote hutolewa. Nchini Marekani fungu la utunzi hulipwa kwa kiwango kilichotajwa na sheria kwa kila nakala. Mwaka 1979 kiwango kilikuwa senti 2.75 kwa wimbo, au nusu senti kwa kila dakika, kutegemea ipi ni kubwa. "Rapper's Delight" ya kundi la Sugarhill Gang, ndiyo ile santuri ya kwanza ya Sugar Hill kutamba, iliyotoka mwaka huo, katika toleo lake refu inakaribia dakika 15. Piga hesabu: takriban senti saba na nusu kwa kila santuri, zikienda kwa yeyote ambaye jina lake limo kwenye mstari wa watunzi. Asiyekuwemo anapata sifuri, hata kama mistari ni yake.

Ndivyo ilivyomkuta Grandmaster Caz wa Cold Crush Brothers, kutoka Bronx. Big Bank Hank, mmoja wa wale watatu wa Sugarhill Gang, alikuwa akifanya kazi kwenye duka la piza pale Englewood alipookotwa kwenda kurekodi. Mistari aliyochana ilikuwa ya Caz. Hakubadilisha hata jina: kwenye wimbo Hank anajitaja kwa kutamka herufi moja moja C-A-S-A-N-O-V-A, na Casanova Fly lilikuwa jina la kisanii la Caz mwenyewe. Ushahidi umo ndani ya santuri, dunia nzima inausikia, na Caz amesema miaka yote kwamba hakulipwa kitu. Kwa upande mwingine, Nile Rodgers na Bernard Edwards wa kundi la Chic, ambao muziki wa wimbo wao "Good Times" ndio uliopigwa upya chini ya mistari ile, walitishia kwenda mahakamani na wakaandikwa kuwa watunzi. Wao walikuwa na wanasheria, na wimbo wao ulikuwa umesajiliwa. Mistari ya Caz ilikuwa kwenye daftari na kwenye kaseti za matamasha.

"The Message" ya 1982 inaonyesha jambo hilo kwa namna nyingine. Kwenye jalada wanasomeka Grandmaster Flash and the Furious Five. Waulize watu mtunzi ni nani, watakwambia Flash, DJ wa kundi. Lakini walioandikwa kama watunzi ni Ed Fletcher aliyejulikana kama Duke Bootee, Melle Mel, Jiggs Chase, na bosi mwenyewe Sylvia Robinson. Flash, ambaye jina lake ndilo lililouza, hakuwemo. Kwa hiyo yeye na wenzake wengi walibaki wakitegemea fungu la pili, na huko ndiko kwenye shimo.

Fungu la pili haligawiwi mpaka kampuni ijilipe kwanza. Nitatoa mfano wa kufikirika, kwa vipengele vya kawaida vya mikataba ya zama zile. Albamu inauzwa dola 8. Msanii ameahidiwa asilimia 8, na anaona amepata senti 64. Subiri. Kampuni inatoa asilimia 20 kwa ajili ya jalada na ufungaji: inabaki dola 6.40. Kisha inalipia asilimia 90 tu ya nakala zilizouzwa, kipengele kilichoachwa na enzi za santuri zilizovunjika njiani, ingawa plastiki ya vinyl haivunjiki hovyo: sasa ni dola 5.76. Katika ile asilimia 8, tatu ni za prodyuza. Wasanii wanabaki na tano, yaani senti 28.8. Kundi likiwa na watu watano, kila mmoja ana pungufu ya senti sita.

Hata hizo sita hazipati bado. Studio, malipo ya awali, nguo, nusu ya gharama za video, nauli za ziara, vyote vimeandikwa kama deni la kundi. Deni likiwa dola 60,000, litalipwa kwa zile senti 28.8, siyo kwa bei nzima ya albamu. Inabidi ziuzwe nakala zaidi ya 208,000 kabla msanii hajaona senti ya kwanza. Kampuni ikiuza kwa jumla kwa dola 4, kufikia hapo imeshaingiza zaidi ya dola 830,000. Ndiyo, humo kuna gharama za kuchapa santuri na fungu la prodyuza, lakini studio imelipwa na msanii, na masta ni ya kampuni. Umejenga nyumba kwa mkopo wako, hati ikaandikwa kwa jina la mkopeshaji. Albamu ya pili ikifanya vizuri, mkataba unaruhusu deni la albamu ya kwanza livutwe kwenye mapato ya pili. Na kuna fedha zinazozuiliwa eti nakala zikirudishwa na maduka zikatwe humo. Muda wa kuziachia usipoandikwa, zinalala.

Redio nayo haikuwaokoa. Sheria ya Marekani hailazimishi redio za kawaida kumlipa mwimbaji wala mwenye masta. Zinamlipa mtunzi kupitia vyama kama ASCAP na BMI. Wimbo upigwe mara elfu kumi, Flash kama mpigaji hapati kitu. Malipo ya mpigaji yalianza kufunguka kwa redio za kidijitali tu, kwa sheria ya mwaka 1995, ambapo leo asilimia 45 huenda kwa msanii mkuu, 5 kwa wapiga vyombo na waimbaji wa kusindikiza, na 50 kwa mwenye masta.

Lililokuwa chungu kuliko yote ni majina. Flash alipoishtaki Sugar Hill mwaka 1983 kuhusu mirabaha, ugomvi ukawa pia nani ana haki ya jina. Aliruhusiwa kubaki na Grandmaster Flash, jina alilolijenga mwenyewe kwenye madisko ya Bronx, lakini Furious Five likabaki kwa kampuni. Wonder Mike na Master Gee wa Sugarhill Gang walikuja kukuta majina yao ya kisanii yamesajiliwa na Joey Robinson mdogo, mtoto wa wenye kampuni. Msanii anayekosa mirabaha huishi kwa jukwaa. Ukimnyang'anya jina, hata tangazo la onyesho hawezi kulibandika.

Kampuni hazikuwa salama pia, tuseme ukweli. Sugar Hill ilitumia mpigo wa besi wa kundi la Liquid Liquid kwenye wimbo "White Lines" wa 1983. 99 Records, lebo ya Liquid Liquid, ikashtaki na kushinda, lakini Sugar Hill ikafilisika na tuzo haikulipwa. Kushinda kesi na kulipwa ni vitu viwili.

Mwisho wa miaka ya 1980 likaja suala la kukata vipande vya nyimbo za zamani na kuvitia kwenye nyimbo mpya (sampling). Hapa watu husema tu kwamba wanahip-hop waliiba. Angalia hesabu kwanza. Mwaka 1988 kiwango cha utunzi kilikuwa senti 5.25, lakini mikataba mingi ilimlipa mtunzi aliye msanii robo tatu tu: senti 3.94. Mwenye kipande cha zamani hakusaini mkataba huo, kwa hiyo anadai kiwango kamili. Akichukua nusu, anaondoka na senti 2.63, na rapa anabaki na 1.31. Wakati mwingine anachukua zote: Phife Dawg wa A Tribe Called Quest alisema hawakupata chochote kwenye "Can I Kick It?", kila kitu kilikwenda kwa Lou Reed, mwenye wimbo uliokatwa kipande. Mwaka 1991 mahakama ya New York ilipomkuta rapa Biz Markie na kosa la kutumia kipande bila kibali, albamu yake ikaondolewa sokoni, na bei ya vipande ikapanda kwa kila mtu. Kundi la De La Soul ndilo lililoonja mpaka mwisho. Vibali vya vipande vyao vya mwaka 1989 viliandikwa kabla ya muziki wa intaneti kuwepo, na hawakuelewana na lebo yao, Tommy Boy, juu ya mgawanyo wa mapato. Albamu zao za mwanzo ziliingia kwenye mitandao ya kusikilizia muziki tarehe 3 Machi 2023, baada ya kampuni ya Reservoir kuinunua Tommy Boy. Trugoy, mmoja wa wale watatu, alifariki dunia Februari mwaka huohuo.

Kuna mlango mmoja sheria ya Marekani iliuacha wazi. Kwa haki zilizotolewa kuanzia 1 Januari 1978, mtunzi au msanii anaweza kuzirudisha baada ya miaka 35, akitoa taarifa ya maandishi kati ya miaka miwili na kumi kabla. Hip-hop yote iliyorekodiwa imo ndani ya tarehe hiyo. Kampuni hujibu kwamba msanii alikuwa mwajiriwa wao, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Ndiyo maana maneno ya ajira hujazwa kwenye mikataba ambayo haina mshahara wala likizo. Oktoba 2024 jopo la wananchi waamuzi (jury) kwenye mahakama huko Florida liliamua kwamba kundi la rap la 2 Live Crew walikuwa na haki ya kuzichukua albamu zao. Wawili kati ya wanakundi walikuwa wameshafariki.

Yetu sisi? Msanii wa Bongo Fleva wa mwanzo aliyempelekea msambazaji wa Kariakoo masta na kulipwa kwa mkupuo anaijua habari hii bila kufundishwa. Lakini mkataba wa leo ni mrefu zaidi na umejaa maneno ya Marekani yaliyonakiliwa. Kwa anayetaka kusaini, nashauri yafuatayo. Kabla ya kutoka studio, karatasi moja isainiwe na wote: nani kaandika maneno, nani katengeneza biti, kila mmoja asilimia ngapi, jumla 100. Kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO, bodi ya hakimiliki, kwa walio Kenya, kwa jina lako na siyo la meneja. Jina la kisanii litajwe kuwa ni lako, na kampuni ilitumie kwa muda wa mkataba tu. Gharama zinazorudishwa zitajwe moja moja na ziwe na kikomo. Deni la albamu moja lisiguse nyingine. Hesabu zije mara mbili kwa mwaka, zikiwa na orodha ya nakala na majukwaa, na uwe na haki ya kuleta mhasibu wako kukagua vitabu. Kipengele cha ukaguzi mara nyingi huwa na muda wa kupinga hesabu, mwaka mmoja au miwili tangu uipokee. Ukipita, umeikubali, hata kama imekosewa. Na mwanasheria umlipe wewe. Akilipwa na lebo, ni wa lebo.

Tena msiwaambie vijana ile hadithi ya rapa Roxanne Shanté kulipiwa na kampuni yake masomo mpaka udaktari wa falsafa kwa sababu ya kipengele kimoja kwenye mkataba. Ilienea sana mwaka 2009, ikachunguzwa mwaka huohuo, ikakutwa si ya kweli.

Msomaji wenu,
Magomeni, Dar es Salaam