Mwanangu, hiyo krimu iache kwanza

Mwanangu, picha zako nimezikuza moja moja. Hapo kati ya vidole kuna vipele vidogo na kimstari chembamba kimejikunja, halafu unasema inawasha zaidi usiku na mwenzako wa chumbani naye kaanza kujikuna. Mi naona huo ni upele, ule wenyewe wa kuambukizana, ila nenda ukaonwe wathibitishe.

Upele unaletwa na mdudu wa miguu minane, jike lenyewe halifiki hata nusu milimita, linachimba kihandaki kwenye ngozi ya juu na kutaga humo mayai mawili matatu kwa siku. Muwasho ni mwili unavyomkataa huyo mdudu na mayai na uchafu wake, na mwili unachelewa kumjua, ndo maana anayepata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 2 mpaka 6 hajikuni huku anaambukiza wengine. Kwa hiyo msianze kulaumiana nani kamletea nani, na usione aibu mwanangu, hata anayeoga kutwa mara tatu anampata.

Kilichoninyima usingizi ni hiyo krimu uliyopewa na rafiki yako. Nyingi za hivyo zina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, basi muwasho unapoa kidogo mdudu anaendelea kutaga. Na ingekuwa fangasi, zile choa za duara, ndo mbaya zaidi, wekundu unafifia, duara linapoteza umbo, fangasi inatambaa kimyakimya mpaka daktari mwenyewe anahangaika kuitambua. Majipu nayo ni habari ya bakteria, na hao watu wengi tunao puani bila shida yoyote mpaka wapate ngozi iliyochubuka kwa kujikuna, so kata kucha leo hii.

Wakisema ni upele mara nyingi watakupa krimu ya permetrini ya asilimia 5, dawa ya kuua huyo mdudu. Pakaa kuanzia shingoni mpaka nyayo, sio panapowasha tu, ingiza chini ya kucha, kitovuni, sehemu za siri, ukae nayo kwa muda wa saa 8 mpaka 14 ndo uoge, na ukinawa mikono kabla ya hapo pakaa tena mikononi. Wiki ikiisha unarudia. Mwenzako apakae siku hiyohiyo hata asingekuwa anawashwa, la sivyo mtarudishiana tu. Mashuka, taulo na nguo za siku hizi fua kwa maji ya moto, zisizofulika funga kwenye mfuko wiki nzima, mdudu akikosa mwili wa mtu hamalizi siku nyingi.

Baada ya dawa utaendelea kuwashwa hata wiki 2 mpaka 4, usiogope wala usipakae kila siku, inachubua ngozi. Ila ukiona usaha, wekundu unatanda, au homa, usingoje kesho.

Ukishaonwa nipigie, hata kama ni usiku.