Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Malengo na Madaftari Yetu ya Kusoma, 2024

Ndugu wanachama,

Assalamu alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za mchana kwa wote. Katiba yetu inasema mwenyekiti atasoma taarifa yake kabla ya chakula. Aliyeandika kifungu hicho alitujua vizuri, maana baada ya pilau hakuna anayesikiliza.

Kuhusu uhai wa chama chetu cha wasomaji sina mengi. Tumekutana kila Jumamosi ya pili ya mwezi isipokuwa Aprili, ambapo mvua za masika zilikata njia na hata waliokaa jirani na ukumbi hawakuweza kufika. Walioingia ni wengi kuliko waliotoka. Mapato na matumizi atayasoma Mhazini, na nawasihi maswali ya fedha mumpelekee yeye, msinivizie mimi getini.

Ninalotaka kulizungumza kwa kirefu ni madaftari.

Kwa wanachama wapya: kila Januari kila mmoja wetu huandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake anachokusudia kusoma mwaka huo, kisha kurasa zinazofuata huandika alichosoma kweli. Mpaka mwaka 2023 malengo yetu yalikuwa namba tupu. Mmoja anaandika 12, mwingine 24, na kila mwaka hakosekani jasiri wa kuandika 52. Ukutani ilibandikwa chati yenye majina, na Desemba aliyeongoza alipewa doti ya kanga au shati, akapigwa picha. Januari 2024 Kamati iliing'oa chati ile na kufuta zawadi. Wapo walionuna, na mmoja alisema hadharani kwamba tumeua ushindani kwa sababu wajumbe wa Kamati walikuwa mkiani. Shutuma hiyo ina ukweli kidogo, lakini siyo sababu.

Sababu ilikuwa ndani ya sanduku la vitabu tunavyoazimana. Kila ifikapo Novemba, vitabu vyembamba vyote vilikuwa vimeazimwa na vinene vimelala. Watu wazima wenye akili zao walikuwa wanapima unene kwa vidole kabla hawajasoma hata jina. Chukueni Nagona ya Euphrase Kezilahabi: kitabu chembamba kabisa, kinaingia mfuko wa koti, lakini ukikisoma kwa pupa utakimaliza bila kujua umesoma nini. Halafu chukueni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, kinene kuliko hicho mara kadhaa, na wapo humu waliokimaliza mwisho wa wiki mmoja kwa sababu hakikuwaachia nafasi ya kulala. Kwenye chati kila kimoja kilikuwa alama moja. Mtu aliyekaa na Nagona mwezi mzima, akarudia, akaja kutueleza, alionekana mvivu mbele ya aliyefagia hadithi fupi tano.

Sisemi namba hazina kazi. Kurasa 10 kwa siku ni kurasa 3,650 kwa mwaka, yaani vitabu 12 vya kurasa 300 na chenji inabaki. Hesabu hiyo imewasaidia wengi waliokuwa wanadhani kusoma vitabu 12 ni kazi ya maprofesa. Kurasa 10 ni safari moja ya daladala kutoka Gongo la Mboto mpaka Posta, ukipata siti. Usipopata siti ni habari nyingine.

Basi mwaka 2024 tuliomba kila mtu aandike lengo lake kwa maneno, na hapo ndipo madaftari yalipoanza kusomeka. Muuguzi wetu aliandika kwamba anataka kurudi kwenye ushairi, alioukimbia tangu kidato cha nne kwa sababu ya maswali ya vina na mizani. Kijana wetu wa bodaboda alitaka kumaliza kitabu kimoja cha Kiingereza bila kumuuliza mtu maana ya neno. Mama yetu wa Kariakoo aliandika: kusoma na mjukuu kila usiku asipokuwa amechoka yeye au mjukuu. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye chati ingemtambua.

Mwalimu wetu mstaafu alijipa kazi ya kumsoma Shaaban Robert kwa mfuatano wa miaka. Lengo lilionekana jepesi mpaka alipolianza. Kusadikika kilitoka 1951, hapo hakuna tatizo. Lakini mwandishi alifariki 1962, na Utubora Mkulima pamoja na Siku ya Watenzi Wote vilichapwa 1968. Je, umsome kwa mwaka wa kuandika au mwaka wa kuchapa? Mwezi Juni tuliingia kwenye mjadala huo saa nane mchana, na mwenye ukumbi alikuja kutudai funguo tukiwa bado tunabishana. Mwalimu ameamua kufuata mwaka wa kuchapa, kwa hoja kwamba ndio mwaka ambao wasomaji walikipata. Hajamaliza, anaendelea 2025, na katika daftari lake hilo limeandikwa bila haya yoyote.

Tulikuwa na ugomvi wa nini kihesabiwe. Ulianza Machi, ulipoingia mwezi wa Ramadhani. Wanachama kadhaa waliokuwa wakisoma juzuu moja kila siku, wapate kukhitimisha juzuu zote 30 mwezi ukiisha, waliuliza kama madaftari yao yabaki matupu huku wamesoma kuliko mwezi wowote. Mwingine akadakia: na Biblia je, ni kitabu 1 au 66? Mkatoliki mmoja akamrekebisha kwamba ni 73. Kikao kikavunjika kwa kicheko, lakini swali lilikuwa la haki. Kamati ilikubaliana hivi: daftari ni la mwenye daftari. Anayetaka kuandika Msahafu au Biblia aandike, anayeona ibada haiingizwi daftarini asiandike, na hakuna wa kumuuliza. Kama mngeniuliza mimi binafsi, ningesema ugomvi huu usingekuwepo kabisa kama tusingezoea kuhesabu.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa tenzi. Utenzi wa Mwana Kupona una beti mia moja na ushei. Ukiupiga macho tu, unaumaliza kabla chai haijapoa. Kundi dogo la wanachama liliamua kuughani, beti chache kila tulipokutana, na kuulizana maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, ambayo wengi wetu wa bara hatukuyajua. Iliwachukua sehemu kubwa ya mwaka. Muuguzi wetu alikuwa miongoni mwao. Daftari lake la mwaka 2024 lina majina machache, lakini upande wa maelezo limejaa mpaka pembeni.

Sasa nije kwenye safu mpya, ambayo kwangu ndiyo habari kubwa ya mwaka. Zamani daftari lilikuwa na jina la kitabu, mwandishi na tarehe ya kumaliza. Ambacho hukumaliza hakikuandikwa, kana kwamba hukukigusa. Mwaka 2024 tuliongeza tarehe ya kuanza, mahali ulipokipata kitabu, na safu ya mwisho: umekiacha ukurasa wa ngapi na kwa nini. Wengi waliionea aibu mwanzoni. Katibu alilazimika kuonyesha daftari lake mwenyewe, lenye vitabu vingi vilivyoachwa njiani, ndipo watu wakalegea.

Desemba, Katibu nami tuliomba madaftari kwa waliokuwa radhi, tukayapitia. Kitabu kilichoachwa na watu wengi zaidi kilikuwa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Tulishangaa, kwa sababu ndicho kitabu kilichopiganiwa zaidi tangu tulipokinunua. Tungekuwa na hesabu ya vilivyomalizwa tu, tungesema wanachama hawakukipenda. Safu ya sababu ikasema vingine: "kimedaiwa", "zamu ya mwenzangu", "nimerudisha, sijapata tena". Tuna nakala moja, muda wa kuazima ni wiki mbili, na watu wana kazi na watoto. Wasomaji hawakukikimbia kitabu. Kanuni yetu ya kuazima ndiyo iliyowapokonya.

Sababu nyingine zilikuwa za kawaida zaidi. Maandishi madogo, hasa kwenye vitabu vya mtumba vya barabarani ambavyo karatasi yake imekuwa ya njano. Miwani. Umeme: katika miezi ya mwanzo ya mwaka, wakati wa mgao, madaftari mengi yanaonyesha kusoma kumehamia asubuhi au kumekufa kabisa. Wachache waliandika kwa uwazi kwamba kitabu kinachosha, na nawashukuru, maana baadhi ya vitabu hivyo nilivipendekeza mimi na hakuna aliyewahi kuniambia usoni. Na mwanachama wetu anayefanya kazi kati ya hapa na Dodoma ameandika kwamba tangu treni ya SGR ilipoanza kufika huko mwezi Julai, anasoma safari nzima, jambo ambalo kwenye basi lilikuwa linamtia kichefuchefu. Serikali ilipojenga reli sidhani kama iliwafikiria wasomaji wa riwaya, lakini tunapokea.

Vijana wameomba tuachane na madaftari tuhamie kwenye simu. Programu zipo. Inayojulikana zaidi ni Goodreads, iliyofunguliwa 2007 na kununuliwa na Amazon mwaka 2013, na kila Januari inakuuliza utasoma vitabu vingapi. Yaani ni chati ileile iliyong'olewa ukutani, safari hii imo mfukoni. Anayeipenda aitumie, mimi mwenyewe ninayo. Lakini riwaya zetu za Kiswahili za miaka ya sabini na themanini ukizitafuta humo, nyingine utazikuta hazina jalada, nyingine hazimo kabisa, na za wachapishaji wadogo ndiyo usiulize. Kuna wanachama walioacha kuandika kitabu walichosoma kwa sababu tu programu haikijui. Hapo tumegeuza mambo. Daftari la shilingi chache halikatai kitabu chochote, na wala halikupi vifataki ukimaliza.

Kwa wanaosema orodha isiyo na lengo haina maana, mwimbaji wa Marekani Art Garfunkel amekuwa akiandika kila kitabu anachosoma tangu 1968, na orodha hiyo ameiweka wazi kwa umma. Hakuna anayempa zawadi ya Desemba.

Kuhusu kundi letu la WhatsApp nitasema kwa ufupi, kwa sababu nilishasema Agosti na nikajibiwa kwa emoji. PDF za vitabu vya waandishi walio hai zisitumwe humo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Tunashangilia washindi wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu kila Aprili, halafu Mei tunawaibia. Admini ameelekezwa kufuta faili na kumwandikia aliyetuma faraghani. Akirudia, ataondolewa kwenye kundi, awe mwanachama wa mwaka jana au mwanzilishi.

Sanduku la vitabu linahitaji mtunzaji mpya, kwani aliyekuwepo amehamia Mwanza. Vitabu vilivyolowa Aprili vilianikwa na vingi vimepona, ingawa vimevimba. Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7, tuliadhimisha kwa usomaji wa pamoja, na keki ilitosha. Safari ya Unguja haikufanyika kwa sababu atakazozieleza Mhazini.

Kwa mwaka 2025 Kamati inaleta hoja tatu mbele yenu, nazo ni za kupigiwa kura leo. Ya kwanza, muda wa kuazima uwe wiki sita badala ya wiki mbili, na kitabu kisidaiwe kabla ya hapo hata kama foleni ni ndefu. Ya pili, fedha za vitabu za mwaka huu zisinunue majina mengi mapya. Zinunue nakala za ziada za vitabu ambavyo safu ya sababu imeonyesha vinagombaniwa, tukianza na Peponi. Najua hoja hii haitawafurahisha wanaopenda kuona majalada mapya, na kwenye Kamati yenyewe ilipita kwa tofauti ya kura moja tu. Ya tatu, taarifa ya mwenyekiti isitaje tena idadi ya vitabu alivyosoma mwanachama yeyote, isipokuwa yeye mwenyewe ameomba. Leo sikutaja hata moja, na sijaona aliyepungukiwa kitu, ingawa nimewaona wawili wakisubiri.

Kuna pendekezo la nne ambalo Kamati haikulikubali, lakini mleta hoja ana haki ya kulisema hapa: kwamba chati irudishwe, safari hii ikihesabu kurasa badala ya vitabu. Atapewa dakika tano. Nitapiga kura ya kuipinga, na nimemwambia hivyo.

Madaftari mapya yako mezani kwa Katibu. Aliyelipa ada ya 2025 anachukua lake bure, asiyelipa aanzie kwa Mhazini. Ukurasa wa kwanza jazeni kabla ya Jumamosi ya pili ya Februari, kwa maneno, na msijaziane. Sasa namkaribisha Mhazini, naye ameahidi kutumia dakika kumi.