Barua kwa shoga yangu: kalenda mbili za Neema

Area C, Dodoma
22 Novemba 2025

Shoga yangu mpendwa,

Mbukwa! Mswada wa riwaya yako ya Neema, winga anayepata mimba ya kipa Daudi, ulifika salama na umeshapita mikononi mwa wasomaji wote saba: muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, kocha wa timu ya wasichana, fundi cherehani, mwanasheria mmoja, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na mama mmoja wa Nkuhungu ambaye ameshaozesha mabinti watatu. Nimewasikiliza wote. Ninayokuandikia ni yale waliyoyasema, na pale ninapokubaliana nao nitakuambia wazi.

Kwanza nikutoe hofu. Hakuna aliyelalamika kwamba Neema kapata mimba bila kutarajia, wala hakuna aliyeona mapenzi ya winga na kipa ni jambo la ajabu. Wanampenda Neema. Daudi naye wanampenda, isipokuwa katika sura ya 14. Kilichowakwaza ni hesabu. Riwaya yako ina kalenda mbili, ya mpira na ya tumbo, na kila moja inakwenda kivyake. Ukizikalisha pamoja malalamiko mengi yataisha, na visa ulivyokuwa unavitafuta utavikuta humo humo.

Umeandika kwamba usiku ule wa mvua, Neema alipolala na Daudi, ulikuwa 20 Desemba. Muuguzi alichukua kalamu papo hapo. Kliniki haihesabu mimba tangu usiku ule, inahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tuseme mzunguko wa Neema ni wa siku 28 na aliingia hedhini 6 Desemba. Usiku ule unaangukia siku ya 15, na hedhi inayofuata inategemewa 3 Januari. Tarehe ya matarajio unaipata kwa kuongeza siku 7 kwenye ile ya hedhi na kurudisha nyuma miezi 3, unapata 13 Septemba. Iandike tarehe hiyo kwa herufi kubwa juu ya meza yako, maana kila sura itaitegemea.

Sasa tazama. Neema anapima mkojo 27 Desemba, siku 7 tu baada ya kulala na Daudi, na kipimo kinaonyesha mistari miwili. Haiwezekani. Yai lililorutubishwa linachukua kama wiki moja kujishikiza kwenye mji wa mimba, na kabla ya hapo hakuna homoni ya kipimo kuikamata. Siku hiyo angeona mstari mmoja tu. Nami nakuomba umwachie mstari huo mmoja! Afurahi, arudi kambini akiwa na amani, kisha Januari 3 ipite, ifike 6, ifike 8, ndipo apime tena kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Hapo una sura nzima ambayo hukuwa nayo.

Wanafunzi wote wawili waliuliza kwa sauti moja: mbona hakumeza P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba? Wasomaji vijana watauliza hivyo hivyo, na ukinyamaza wataona umewadharau. Jibu lipo na halimfanyi Neema mjinga. P2 inafanya kazi hasa kwa kuchelewesha yai lisitoke. Inatakiwa imezwe mapema, ndani ya saa 72, na kama yai limeshatoka haina la kuzuia. Siku ya 15 yai huenda limeshatoka. Basi mwache aende duka la dawa kesho yake asubuhi, anunue, ameze, na mimba iingie hata hivyo. Mimba isiyotarajiwa inakuwa haikutarajiwa kwelikweli.

Mambo mawili ya haraka. Ultrasaundi ya 10 Januari haiwezi kumwonyesha mtoto wa kiume. Siku hiyo mimba ina wiki 5, kinachoonekana ni kifuko kidogo tu. Mapigo ya moyo yasubiri wiki ya 6 au ya 7, jinsia isubiri wiki ya 18 hadi 20. Na lile teke la siku ya Valentaini, ambalo najua unalipenda, liondoe. 14 Februari ni wiki ya 10 kamili. Mimba ya kwanza mama husikia mtoto akicheza kati ya wiki ya 18 na ya 22, yaani kuanzia katikati ya Aprili mpaka mwanzoni mwa Mei. Na mwanzoni si teke. Muuguzi anasema wengi wao husimulia kama kipepeo au kama gesi tumboni. Neema amelala chali, mkono juu ya kitovu, anadhani ni maharage aliyokula mchana. Andika hivyo.

Kubwa zaidi ni fainali. Umeiweka 16 Mei, Neema anaingia kipindi cha pili, anagongana na beki, anaanguka, anainuka, anafunga. Kwa kalenda yetu ni wiki ya 23. Kocha aliufunga mswada akakaa kimya. Mpaka karibu wiki ya 12 mji wa mimba bado umejificha ndani ya mifupa ya nyonga. Baada ya hapo unapanda juu na unakuwa wazi mbele ya kiwiko, goti na mpira wenyewe. Pigo la tumbo katika umri huo wa mimba linaweza kufanya kondo la nyuma liachie kabla ya wakati, mama akavuja damu na mtoto akakosa hewa. Ndiyo maana madaktari huwaambia wachezaji wa michezo ya kugongana waache mechi mimba inapokua, ingawa kutembea, kuogelea na mazoezi mepesi vinaruhusiwa kwa mwenye mimba isiyo na matatizo. Mwanafunzi mmoja alitetea kwamba Serena Williams alitwaa Australian Open Januari 2017 akiwa mjamzito. Ni kweli, lakini mimba yake ilikuwa na takriban wiki 8, na tenisi hakuna anayekukata mtama.

Ushauri wangu ni huu: ihamishe mechi ile iwe 28 Februari, wiki ya 12 kamili. Isiwe fainali, iwe mechi ya kawaida ya ligi. Neema peke yake ndiye anayejua ni mechi yake ya mwisho kabla ya kujifungua. Kila krosi anayopiga msomaji atashika roho mkononi. Akitolewa dakika ya 60, mwache avue kitambaa cha unahodha taratibu, akikunje mara mbili, amkabidhi mwenzake bila kusema neno. Machozi yatakuja yenyewe, hutahitaji hata kuyataja.

Sura ya 9 mwanasheria ameiandikia kurasa mbili. Klabu inamfukuza Neema kwa sababu ya mimba, yeye anafunga begi, anapanda basi kwenda kwa bibi yake Kondoa, basi. Yaani winga anayewapiga chenga mabeki watatu anashindwa kuuliza swali moja? Mchezaji mwenye mkataba wa kulipwa ana kanuni za FIFA tangu 1 Januari 2021. Mimba haiwezi kuwa sababu ya kuvunja mkataba. Klabu ikimwachisha kwa sababu hiyo inadaiwa thamani ya mkataba uliobaki, inaongezewa mishahara ya miezi 6 juu yake, na inaweza kufungiwa kusajili madirisha mawili mfululizo. Akiacha kucheza kwa ajili ya mimba anaweza kupewa kazi nyingine klabuni, na mshahara wake unaendelea kamili mpaka likizo ianze. Likizo yenyewe ni wiki 14 kwa uchache, wiki 8 kati ya hizo ziwe baada ya kujifungua, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Pale sheria ya nchi inapompa zaidi, achukue ile yenye nafuu.

Na si kanuni za kwenye karatasi tu. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland aliidai klabu ya Lyon mishahara ya kipindi cha ujauzito, na mwaka 2022 FIFA ikaamuru alipwe zaidi ya Euro 82,000. Kwa hiyo mrudishe Neema kutoka Kondoa na mkataba mkononi. Mpe kazi kuanzia Machi: akae na kocha kuchambua video za mechi, au afundishe wasichana wadogo kupiga krosi. Likizo ianze 2 Agosti, wiki 6 kabla, iishe 8 Novemba. Wasomaji wako wanataka kumwona akipigana, na mimi nawaunga mkono kwa moyo wote.

Sasa siri, ile ya sura ya 14. Hapa ndipo waligawanyika. Daudi anajua mwanzoni mwa Julai, wiki ya 30, wakati anaishi Area D na Neema yuko Nkuhungu. Wanafunzi walisema kusubiri kunawapa hamu. Mama wa Nkuhungu alisema huo ni ukatili, na kwamba Dodoma hakuna tumbo la wiki 30 lisilojulikana sokoni Majengo. Mimi nasimama na mama, ila kwa sababu nyingine. Siri yako haina mlango wa kutokea. Muuguzi ameupata. Hudhurio la kwanza la kliniki linatakiwa kabla ya wiki ya 12, na kliniki nyingi humtaka mama aje na mwenza ili wapimwe damu pamoja. Asiye na mwenza mahali pengine huambiwa alete barua ya serikali ya mtaa. Hebu mwone Neema ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa, mhuri umelowekwa wino, mzee anauliza kwa upole, "Jina la baba, binti?" Hapo ana mambo mawili tu, aseme uongo kwa maandishi au ampigie Daudi simu. Ni Februari, si Julai. Ukibaki na siri mpaka wiki ya 30, Daudi anaonekana kipofu na Neema anaonekana mkatili, na hakuna kati yao aliye hivyo.

Kuhusu Daudi langoni, kocha amekuachia marekebisho mawili. Ukurasa wa 61 anaudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa na beki wake kwa mguu. Jambo hilo limekatazwa tangu 1992, mwamuzi anatoa mkwaju wa adhabu usio wa moja kwa moja. Na ukurasa wa 118 anaukumbatia mpira nusu dakika akimtazama Neema jukwaani Uwanja wa Jamhuri. Kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2025 kipa ana sekunde 8. Mwamuzi anahesabu tano za mwisho kwa vidole hewani, zikiisha wapinzani wanapewa kona. Nakuomba usimfute Daudi huyo anayetazama jukwaani! Mwache asahau, vidole vya mwamuzi vihesabike, kona ipigwe, wafungwe. Benchi zima litataka kujua alikuwa anatazama nini.

Pete ya uchumba anayoitoa Daudi katikati ya uwanja imewafurahisha vijana tu. Wakubwa wanasema kijana aliyempa binti mimba haanzi na kupiga goti, anaanza na wazee. Amtume mshenga na barua ya posa, wakwe wajibu, faini ya mimba itajwe na ilipwe, ndipo mahari yajadiliwe. Ukipenda pete iache, ila ije baada ya wazee kukaa. Walikubaliana wote kwa jambo moja: Daudi asiseme "nitakuoa kwa sababu ya mtoto." Neema amkatalie siku hiyo, amkubalie siku nyingine.

Vyakula vya hamu virekebishe. Stroberi zimetoka wapi? Huku mjamzito anatafuna ubuyu, zabibu mbichi chachu, au udongo wa sokoni. Udongo huo muuguzi ataupigia kelele kwa sababu unazuia madini ya chuma yasinyonywe, na yeye ndiye anayempa Neema vidonge vya kuongeza damu.

Mwisho wa kitabu umemrudisha uwanjani mwezi mmoja baada ya kujifungua. Misuli ya chini ya nyonga haijapona kwa mwezi mmoja. Akikimbia mapema atavuja mkojo akiruka, na atahisi uzito kama kitu kinashuka. Wiki 6 za kwanza ni kutembea na mazoezi ya kukaza misuli hiyo, kukimbia kuanzie wiki ya 12, mechi baadaye. Faith Kipyegon alijifungua Juni 2018, akarudi mashindanoni 2019, na mwaka 2021 akachukua tena dhahabu ya Olimpiki mita 1500. Hakuna aliyemwona mnyonge kwa kusubiri. Tena hesabu wiki 12 kutoka 13 Septemba uone zinapoangukia: 6 Desemba, tarehe ile ile tuliyoanzia. Neema anafunga kamba za viatu, mtoto yuko kwa Daudi kwenye benchi, anakimbia mzunguko mmoja tu wa uwanja. Ningekuwa wewe ningemalizia hapo.

Anza na sura ya 9 na ya 14, nyingine zitajipanga nyuma yake. Muuguzi amekubali kusoma tena, lakini mwezi ujao yuko zamu za usiku, kwa hiyo ukiweza nitumie kurasa kabla ya Krismasi. Nisalimie mama na watoto.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Area C